Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani? Jinsi ya kubaini na kusogeza imani za wanafunzi kuhusu maarifa

Fungua daftari la Historia la mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, ukurasa wowote. Utakuta kichwa cha somo kimepigiwa mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu, chini yake hoja sita zenye mistari miwili miwili, kisha hitimisho. Geuza ukurasa: hoja sita nyingine. Pembeni hakuna swali, hakuna mshale unaounganisha hoja ya pili na ya tano, wala hapajafutwa kitu. Daftari safi kabisa, na mwenyewe anajivunia.

Daftari hilo linasema jambo ambalo mwenye daftari hajawahi kulitamka: kwamba kujua Historia ni kuwa na hoja sita kichwani, kwamba zilitoka kwa mwalimu, na mwalimu naye alizitoa mahali ambapo zilishakamilika. Anayeamini hivyo hawezi kusoma kwa namna nyingine. Mwambie mara mia aache kukariri, atakuitikia kwa adabu, kisha jioni atarudi kukariri, maana kwa jinsi anavyoyaelewa maarifa hakuna kingine cha kufanya.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa sekondari anayetaka kuzijua imani hizo darasani kwake na kuzisogeza. Mifano ni ya Fizikia, Historia na Hisabati katika shule za Tanzania, lakini mwalimu wa somo lolote anaweza kuigeuza.

Unachotafuta

Mtu aliyefungua njia hii ni William Perry wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyewahoji wanafunzi wa chuo mwaka hadi mwaka na kuchapisha matokeo yake mwaka 1970. Aliona wengi wanaanza wakiamini kila swali lina jibu moja na mkubwa fulani analo. Wakishagundua wakubwa nao wanapingana, wanahamia kwenye "kila mtu na maoni yake". Baadaye, si wote, wanajifunza kupima hoja ipi ina ushahidi zaidi. Mwaka 1990 Marlene Schommer, mtafiti Mmarekani, akaonyesha kwamba imani hizi si ngazi moja. Ni kamba kadhaa, na mwanafunzi anaweza kuwa mbele kwenye kamba moja na nyuma kwenye nyingine. Kwa lugha ya darasani kamba zenyewe ni hizi:

- Maarifa ni vipande vilivyotengana (hoja sita, fomula kumi, tarehe ishirini), au ni mtandao?
- Maarifa ni ya uhakika daima, au mengine bado yanabishaniwa?
- Yanatoka kwa mwalimu na kitabu, au yanatoka kwenye ushahidi na hoja?
- Kuelewa ni papo kwa papo au hakupo, au huja polepole?
- Akili ni ya kuzaliwa nayo, vipanga na vilaza, au hukua?

Usizichukulie sawa. Kwa mazingira yetu mbili ndizo zinazoumiza zaidi: ile ya vipande na ile ya papo kwa papo. Ya kwanza inalishwa na mitihani yetu wenyewe, ya pili inalishwa na haraka ya kumaliza silabasi.

Kupima: aya iliyokatwa

Walimu wengi hukimbilia dodoso. Dodoso la Schommer lilikuwa na sentensi 63 za kukubali au kukataa. Kwa darasa la watoto 70 hilo ni zigo, na lina kasoro kubwa zaidi: mwanafunzi wetu huandika anachodhani mwalimu anapenda. Muulize kama kujifunza kunahitaji muda, atakujibu ndiyo, kisha ataacha swali la Hisabati baada ya dakika mbili.

Njia bora imo katika jaribio lile lile la Schommer. Aliwapa wanafunzi matini yenye maelezo yasiyoafikiana, akaondoa aya ya mwisho, akawataka waiandike wenyewe. Waliosadiki kwamba maarifa ni ya uhakika waliandika hitimisho la mkato hata pale matini ilipoacha mambo wazi. Waliosadiki kwamba kujifunza ni kwa haraka walirahisisha mno, wakafanya vibaya kwenye jaribio la kuelewa, na papo hapo wakadhani wameelewa vizuri. Hilo la mwisho ndilo la kutia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu mwanafunzi wa aina hiyo hanyooshi mkono kuuliza.

Fanya hivi. Andika matini ya maneno 200 hadi 250 juu ya jambo ambalo wataalamu hawakubaliani. Kwa Historia, idadi ya waliokufa katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, inafaa sana. Weka makadirio ya Wajerumani ya watu 75,000. Weka na makadirio ya mwanahistoria Gilbert Gwassa ya kati ya 250,000 na 300,000. Eleza kwamba Wajerumani walichoma mashamba na maghala, hivyo njaa iliua wengi kuliko risasi. Eleza pia kwamba mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilituma wanafunzi vijijini kukusanya simulizi za wazee. Ishia hapo, usihitimishe. Waambie: "Andika aya ya mwisho, sentensi tatu hadi tano." Wape dakika 15, bila kuandika majina.

Panga karatasi katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lina majibu ya aina ya "Kwa hiyo waliokufa walikuwa 75,000", yaani ameokota namba moja na kufunga mjadala. La pili: "Hakuna anayejua ukweli, kila mwandishi ana lake." La tatu lina aliyejaribu kupima: nani alihesabu, alihesabu waliokufa vitani tu au na wa njaa, alikuwa na sababu gani ya kupunguza au kuongeza. Usitegemee fungu la tatu kuwa nene. Hesabu kila fungu, andika idadi na tarehe nyuma ya daftari lako la maandalio, funga karatasi pamoja uzihifadhi. Utazihitaji.

Wakati huohuo sikiliza maswali. Kwa wiki mbili andika kila swali linaloulizwa darasani bila kuchagua. Ukiona karibu yote ni "Mwalimu, hiyo ni *point* ya ngapi?", "Tuandike?", "Itatoka?", umeshapata jibu bila dodoso.

Kipindi cha kwanza cha kutikisa: maji ya moto kwenye barafu

Hakuna mfano ulio karibu zaidi na sisi kuliko wa Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kuhofia kukosa nafasi kwenye jokofu, aliingiza mchanganyiko wake wa maziwa na sukari ungali moto. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ulioingia bila kuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu wake wa Fizikia, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza shuleni. Wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne akaenda kupima, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la *Physics Education*. Jambo hilo likabaki na jina lake duniani kote.

Walimu wengi huisimulia habari hii kama hadithi ya shujaa na kuishia hapo. Ukifanya hivyo umebadilisha tu mwenye mamlaka: jana ilikuwa kitabu, leo ni Mpemba. Nguvu ya mfano huu iko kwenye mwendelezo wake, kwamba jambo lenyewe halijaisha. Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vyao na kusema hawakupata ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hupoa haraka zaidi, na wakaonyesha kuwa kuhamisha kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo kunatosha kuleta tofauti ya uongo.

Tenga vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Kwa kila kikundi andaa ndoo ndogo mbili za plastiki, kila moja na kilo moja ya barafu iliyopondwa iliyochanganywa na gramu 300 hivi za chumvi ya mezani. Barafu za mifuko zinazouzwa mtaani zinafaa; ziponde zikiwa ndani ya gunia. Zungushia ndoo kitambaa kizito. Andaa vikombe viwili vya bati vyenye maji mililita 50 kila kimoja, kimoja kwenye nyuzi 80, kingine kwenye joto la chumba, vipimajoto viwili na saa. Usitumie bilauri, kwani kioo chembamba chenye maji ya moto kitapasuka kwenye chumvi na barafu. Seti nne au tano zinatosha darasa zima.

Dakika 10 za mwanzo kila mmoja aandike utabiri wake na sababu, kwa wino, ili asiubadilishe baadaye. Dakika 15 zinazofuata ndizo za thamani kuliko zote, kwa hiyo usizikate: vikundi viamue wenyewe watapima nini. "Kuganda" maana yake ni kufika nyuzi 0, au kuonekana kwa barafu ya kwanza, au kikombe kizima kuwa kigumu? Kipimajoto kikae juu, katikati au chini? Vikombe vikae ndoo moja au kila kimoja na yake? Wakikuuliza lipi ni sahihi, warudishie: "Nyie mnaona lipi litapimika, na kwa nini?" Kisha dakika 35 za kupima, kila dakika mbili usomaji mmoja. Zilizobaki ni za mjadala.

Mambo yanayoharibika hapa yanajulikana. Ndoo ikiwa moja, kikombe cha moto huyeyusha barafu na kupasha joto jirani yake. Maji yanaweza kushuka chini ya nyuzi 0 bila kuganda, kisha yakaganda ghafla kwa mtikisiko, na kikundi kikadhani kipimajoto kibovu. Mwanafunzi huchomoa kipimajoto kilichogandia na kukivunja. Mwambie aweke kikombe kwenye maji ya vuguvugu kwanza. Tena kipimajoto kisiingizwe kwenye ndoo ya chumvi na barafu, maana vingi vya shule huishia nyuzi 10 chini ya sifuri.

Andika matokeo ya vikundi vyote ubaoni. Huenda yakatofautiana. Hapo darasa litakutazama useme nani amepata. Usiseme. Uliza: "Kikundi cha pili na cha nne wametofautiana. Tungepima nini kesho ili tujue kwa nini?" Ukijibu wewe, dakika 80 zimepotea, na zimepotea vibaya, kwani umewathibitishia kwamba vipimo vilikuwa mchezo na jibu lilikuwa mfukoni kwako muda wote.

Hatari ya fungu la pili

Baada ya vipindi kama hicho wanafunzi wengine wataondoka kwenye "mwalimu anajua" na kutua kwenye "basi kila jibu ni sawa". Hii si hatua ya mbele sana kama inavyoonekana. Mwanafunzi huyu naye hana haja ya kutafuta ushahidi: yule wa kwanza hautafuti kwa sababu jibu lipo, huyu hautafuti kwa sababu jibu halipo.

Dawa yake ni kuzipa hoja alama waziwazi. Kwa swali la alama 5, gawa hivi na uandike ubaoni kabla hawajaanza: alama 1 kwa msimamo ulio wazi, 2 kwa ushahidi unaouunga mkono, 1 kwa kutaja hoja bora ya upande wa pili, 1 kwa kusema ni ushahidi gani ungemfanya abadili msimamo. Alama ya mwisho ndiyo ngumu, na miezi ya mwanzo wengi wataikosa. Mwanafunzi mwenye msimamo tofauti na wako apate 5 akistahili, na uhakikishe darasa limeiona karatasi hiyo. Isome kwa sauti bila kutaja jina.

Pia chagua mada zako. Si kila jambo linabishaniwa. Ukifungua mjadala juu ya kama Dunia inalizunguka Jua, unawafundisha kwamba kubishana ndiko kufikiri.

Mtihani wako unawafundisha nini

Tuseme wazi: mwanafunzi husoma imani yako kwenye karatasi ya mtihani, si kwenye maneno yako. Jaribio la kila mwezi lenye "Taja sababu tano", "Taja matokeo sita" linamwambia kwamba maarifa ni lundo, na juhudi zako nyingine zote zinakuwa nasaha tu. Mtaala umezungumzia umahiri tangu mwaka 2005, lakini mwanafunzi anaamini mwongozo wa usahihishaji.

Huna haja ya kubadilisha mtihani mzima, na usijaribu, maana mwalimu wa taaluma atakuita na wazazi watalalamika. Geuza swali moja kati ya matano. Badala ya "Taja sababu tano za Vita vya Maji Maji", uliza: "Kati ya kilimo cha lazima cha pamba, kodi, na imani ya maji ya Kinjeketile wa Ngarambe, kipi kingeondolewa vita isingetokea? Eleza kinavyohusiana na viwili vilivyobaki." Anayejua hoja sita kwa kichwa bado ana cha kuandika, ila sasa lazima aziunganishe. Usimnyime alama zote aliyeorodhesha, mpe nusu, mwandikie pembeni: "Hii na hii zinagusanaje?"

Kuna na suala la lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaingia Kidato cha Kwanza anakuta karibu kila kitu ni Kiingereza. Sentensi asiyoielewa hana la kuifanya ila kuimeza kama ilivyo, na baada ya mwaka anaamini kumeza ndiko kusoma. Kabla ya kuandika notisi ubaoni, wape dakika tatu waelezane wawili wawili kwa Kiswahili: jambo hili linatokeaje? Kisha kila mmoja aandike sentensi moja ya Kiingereza ya kwake. Itakuwa na makosa ya sarufi. Sahihisha wazo kwanza, sarufi baadaye, na usitumie kalamu moja kwa vyote viwili.

Swali refu la wiki

Kwa Hisabati, adui ni papo kwa papo. Alan Schoenfeld, mtafiti wa ufundishaji wa Hisabati nchini Marekani, aliwauliza wanafunzi wa sekondari swali la kawaida la nyumbani huchukua muda gani. Wastani wa majibu ulikuwa kama dakika 2. Na ufike dakika ngapi ndipo ujue swali haliwezekani? Kama 12. Anayeamini hivyo akifika dakika ya 13 haachi kwa uvivu. Anaacha kwa mantiki.

Kila Jumatatu bandika swali moja lisilotatulika chini ya dakika 30, likae hadi Ijumaa. Anza na lile lililojulikana katika mtihani wa kitaifa wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980: wanajeshi 1,128 wanasafirishwa kwa mabasi, kila basi linabeba 36, mabasi mangapi yanahitajika? Asilimia 29 waliandika mabasi 31 na baki 12, kana kwamba basi lina baki. Waliopata 32 walikuwa asilimia 23 tu. Waulize wako kwa daladala, abiria na konda, na uone ni wangapi watakupa nusu daladala. Hilo ni la dakika tano, la kuchekesha na kufungulia mlango. Mengine yawe marefu.

Alama za swali la wiki zitolewe kwa majaribio yaliyoandikwa, siyo kwa jibu: alama 1 kwa kila njia iliyojaribiwa na kuelezwa ilikwama wapi, hadi 4. Marufuku kufuta. Vipanga watakuwa wa kwanza kunung'unika, kwa sababu jina lao limejengwa juu ya kumaliza mapema. Wavumilie, ila usiwape njia ya mkato. Na wewe mwenyewe chunga ulimi: "Huyu ana akili" uliyomwambia mmoja, wengine 69 wameisikia kwa maana yao. Sema alichofanya: "Alijaribu njia tatu, ya pili ikamwonyesha kosa la ya kwanza."

Wakati wa kuanza, na kupima tena

Anza Kidato cha Kwanza au cha Tatu. Kidato cha Pili na cha Nne kuna mtihani wa taifa mbele, na mwanafunzi mwenye hofu hashiki imani mpya. Wiki za mwanzo utasikia minong'ono kwamba mwalimu hajui somo lake, ndiyo maana hatoi majibu. Jikinge kwa kutoa majibu ya moja kwa moja pale yanapostahili, fomula, tarehe, kanuni za usalama wa maabara, ili waone unachagua na hukwepi.

Mwishoni mwa muhula andaa aya iliyokatwa nyingine, mada tofauti, urefu uleule, dakika 15 zilezile. Panga mafungu matatu, kisha utoe zile karatasi za kwanza ulinganishe. Fungu la kwanza likipungua na la pili likavimba, rudi kwenye mgawanyo wa alama 5 na uutumie kila wiki kwa muhula mzima. Mafungu yakibaki vilevile, kabla ya kuwalaumu wanafunzi toa mitihani yako ya muhula huo, uhesabu ni maswali mangapi yameanza na neno "Taja".